Mwigizaji wa akiba hahitaji maneno peke yake

Tulitoka Nakuru alfajiri kwenda kuigiza kitabu teule katika shule moja ya Kakamega. Tukapita Mau Summit na baridi yake, na tulipofika Kisumu, mwigizaji wetu mkuu alikuwa ananong'ona tu. Sauti imekauka. Huko shuleni kidato cha nne walikwisha kuketi, vitabu wazi mapajani. Watazamaji hao ukiruka sentensi wanakurudisha.

Msichana wetu wa akiba, aliyejifunza nafasi hiyo ili apande mwenye nafasi akikosekana, alikuwa na maneno yote kichwani. Ila hakujua mahali pa kusimama. Katika onyesho la ugomvi alimziba mumewe wa jukwaani, na kofi la kuigiza likakaribia kuwa la kweli. Kosa lilikuwa langu mimi mwelekezi: nilimpa skripti, sikumpa jukwaa.

Tangu hapo, kila wiki zoezi moja ni la waigizaji wa akiba. Mwenye nafasi anakaa kando atazame. Wa akiba anavaa maleba yenyewe, viatu hasa, kwa sababu kiatu hubadilisha mwendo. Simtaki amwige mwenzake sauti wala hasira. Hizo alete zake. Lakini hatua ni zile zile, maana wengine wote jukwaani wanazitegemea.

Majumba makubwa ya maonyesho ya London na New York huwa na watu wa kusubiri tu, na wengine wanaoshika nafasi nyingi za kundi, leo huyu, kesho yule. Hao wa mwisho nawastahi sana. Laurence Olivier, mwigizaji mashuhuri wa Uingereza, alipougua kidoletumbo mwaka 1967, Anthony Hopkins, aliyekuwa kijana bado, alipanda badala yake katika National Theatre ya London.

Sisi tuko tisa, na nauli ya mtu wa kumi hatuna. Kwa hiyo akiba wa anayeigiza mama ni yule anayeigiza jirani. Akipanda, jirani anabaki bila mtu, na hapo ndipo vikundi vingi huanguka. Mimi huandika mnyororo mzima kabla ya safari: nani anamrithi nani, mpaka nimfikie mpiga ngoma. Na anayebeba nafasi mbili namwongezea malipo hata asipoitwa, kwa kuwa kazi ya kujifunza ameshaifanya.

Siku ile tulikuwa na shule ya pili saa nane. Nilimpeleka msichana na mumewe wa jukwaani nyuma ya matatu, wakarudia ugomvi ule mara nne kabla ya kengele.