Kujisomea DAT: wanayokuambia na hali ilivyo

Kijana aliyelelewa kwa Kiswahili akitaka kusomea udaktari wa meno Marekani, hukuta kitu ambacho binamu zake nyumbani hawakijui. Anayetaka kuingia Muhimbili huangaliwa matokeo yake ya kidato cha sita katika fizikia, kemia na biolojia. Kenya ni mtihani wa KCSE, kisha KUCCPS hugawa nafasi za vyuo. Marekani, juu ya alama za chuo, kuna DAT: mtihani wa kuingilia shule ya meno, wa Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani (ADA), unaofanywa kwa kompyuta katika vituo vya Prometric. Nyumbani hakuna wa kumuuliza, kwa hiyo anauliza kila mtu, na kila mtu ana lake la kusema.

Kwanza ujue unapambana na nini. Sayansi ni maswali 100 kwa dakika 90: biolojia 40, kemia ya jumla 30, kemia ogani 30. Halafu kuna maumbo, maswali 90 kwa dakika 60. Unapumzika ukitaka, kisha unaingia ufahamu, maswali 50 kwa dakika 60, na kumalizia na hisabati, 40 kwa dakika 45. Fizikia haimo.

“Bila kozi ya kulipia hutoboi.”

ADA wenyewe hutoa bure mwongozo wa watahiniwa unaotaja mada zote zinazoulizwa, na huuza mitihani ya mazoezi. Kinachouzwa kwenye kozi za maelfu ya dola ni ratiba, maswali mengi, na mtu wa kukusukuma. Ratiba unaweza kuipanga mwenyewe. Maswali yanapatikana kwa bei ya chini zaidi. Mtu wa kukusukuma ndiye adimu, na hapo sibishi: kama unajijua huwezi kukaa mezani bila kusimamiwa, tafuta mwenzako mnayefanya naye mtihani msimu mmoja, mkaguane kila wiki. Lakini kama kemia ogani hujawahi kuigusa chuoni, hata kozi ya bei gani haitakuokoa. Chukua somo lenyewe kwanza.

“Maliza kusoma mada zote, maswali utafanya mwishoni.”

Hii ndiyo inayowaangusha wengi, tena wenye bidii. Mtu anasoma biolojia kuanzia seli hadi ikolojia, anapaka kitabu rangi ya njano, anahisi anaelewa. Kuelewa unapoangalia ukurasa na kukumbuka ukurasa ukiwa umefungwa ni mambo mawili tofauti. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, waliwapa wanafunzi kifungu cha kusoma. Kundi moja lilikisoma mara nne. Jingine lilikisoma mara moja, kisha likajaribu mara tatu kukiandika kwa kukumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma waliongoza, asilimia 83 kwa 71. Baada ya wiki mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 61, wasomaji 40. Na wewe mtihani wako hauko dakika tano mbele.

Kwa hiyo anza na mtihani mzima wa mazoezi siku ya kwanza, hata ukipata alama za aibu, hakuna atakayeziona. Zitakuonyesha muda wako uende wapi. Ukisoma mada asubuhi, jioni funga kitabu ujibu maswali yake, urudie baada ya siku chache, kisha baada ya wiki. Changanya masomo. Maswali 20 ya mada moja mfululizo hukudanganya, kwa sababu ukifika la tano tayari unajua ni kanuni gani itatumika. Kwenye DAT hakuna wa kukudokeza.

Weka pia daftari la makosa, na usiandike jibu sahihi peke yake. Andika kwa nini ulikosa: sikuwahi kujifunza, nilijua nikasahau, nilisoma swali haraka, muda uliniishia. Baada ya wiki tatu utaona sababu moja inajirudia kuliko nyingine. Mwenye tatizo la kusoma haraka hafaidiki na kitabu kingine cha biolojia.

“Tafuta pasti pepa.”

Sisi tuliokulia kwenye mitihani ya taifa tunaamini pasti pepa kuliko mwalimu. Umeona mtu anajua swali la NECTA lilitoka mwaka gani na sehemu gani. Kwa DAT mazoea hayo yaache. Maswali ya kweli hayatolewi kwa umma, na kila mtahiniwa hukubali kwa maandishi kutoyafichua. Anayekuuzia “maswali yaliyotoka mwezi uliopita” ama anakudanganya, ama anakuingiza kwenye kosa linaloweza kufuta matokeo yako. Fanya mitihani ya mazoezi ya ADA na ya watengenezaji wengine, na ya ADA usiimalize yote mwanzoni. Mmoja uweke wa karibu na siku yenyewe.

“Sehemu ya maumbo ni kipaji, huwezi kuisoma.”

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 watahiniwa wa DAT walipewa kipande cha chaki wakichonge kwa kufuata mchoro. Siku hizi vidole havipimwi, linapimwa jicho: tundu ambalo umbo litapita, pembe ipi ndogo kuliko nyingine, karatasi iliyokunjwa ikatobolewa, mchoro bapa ambao ukikunjwa huwa umbo gani. Kuna aina sita, maswali 15 kila moja, na nyingi zina utaratibu unaofundishika.

Chukua ya kuhesabu miche ya mraba, yaani vipande vyenye umbo la dadu. Unaonyeshwa miche iliyogandishwa pamoja na kupakwa rangi kila upande unaoonekana nje, isipokuwa chini. Unaulizwa ni mingapi yenye pande tatu zenye rangi. Anayekodolea macho atapotea. Anayechora jedwali dogo la 0 hadi 5 hapotei. Tuseme mitatu imepangwa mstari mmoja sakafuni: wa katikati una rangi juu na pande mbili, jumla tatu, wa pembeni kila mmoja ana nne. Weka alama moja chini ya 3, mbili chini ya 4, na maswali yote ya mchoro huo umeshayajibu. Vivyo hivyo karatasi: ikikunjwa mara mbili katikati na kutobolewa tundu moja kupita tabaka zote, ikifunuliwa ina matundu manne, na gridi ya nne kwa nne itakuonyesha yako wapi. Dakika 20 kila siku zinafaa kuliko Jumamosi nzima. Macho huchoka kabla ya akili.

“Kikokotoo kipo, hesabu hazina shida.”

Kipo kwenye hisabati tu. Kwenye kemia utakuwa na jedwali la elementi na kichwa chako. Gramu 4 za NaOH katika mililita 500: 4 gawanya kwa 40 ni moli 0.1, gawanya kwa lita 0.5, ni 0.2 M. Ukiwa na swali moja kila sekunde 54, mahesabu ya namna hii yazoeshe mkono sasa, kwa kalamu na ubao mdogo wa plastiki kama ule utakaopewa kituoni.

“Kiingereza si lugha yangu, ufahamu utaniua.”

Vifungu ni vitatu, vya kisayansi, na majibu yote yamo ndani yake. Aliyezaliwa na Kiingereza naye hajui habari hizo. Kinachouma ni mwendo, dakika 20 kwa kifungu, tena kwenye skrini. Soma makala moja ndefu ya sayansi kila siku, si ya karatasi, na ujiulize kila aya imesema nini.

Mengine ni ya haraka. Jibu la kukosea halipunguzi alama, kwa hiyo usiache swali wazi. Anayekuambia “lenga 20” anatumia kipimo cha zamani cha 1 hadi 30; tangu Machi 2025 alama hutolewa kati ya 200 na 600. Na hakuna kufaulu wala kufeli. Kila chuo huamua chenyewe, kwa hiyo angalia wastani wa waliopokelewa katika vyuo unavyovitaka.

“Ukiharibu, rudia tu.”

Utasubiri angalau siku 60, utalipa upya, na vyuo vitaona kuwa uliwahi kufanya. Baada ya mara tatu, ruhusa lazima uiombe. Kama mitihani yako ya mazoezi bado iko mbali na lengo wiki mbili kabla, sogeza tarehe. Gharama ya kusogeza ni ndogo kuliko ya kurudia.

“Hata daktari wa meno aliyesomea nyumbani lazima aanze na DAT.”

Hili nalisikia sana, na linapotezea watu miaka. DAT ni ya anayeanza shule ya meno. Mwenye shahada ya Muhimbili au Nairobi kwa kawaida huomba programu za madaktari waliosoma nje, ambazo humwingiza moja kwa moja katika miaka ya juu. Maombi yake hupitia mfumo uitwao CAAPID. Mtihani wanaouangalia zaidi ni INBDE, ule wa bodi ya taifa ya madaktari wa meno, wenye maswali 500 yanayofanywa kwa siku mbili, na vyuo vingi huongeza kipimo cha Kiingereza na siku ya kuchonga meno ya bandia mbele ya wasimamizi. Hapo ndipo vidole vinarudi kazini.