Mtoto akijifunza muziki anapata nini hasa (na nini hapati)

Swali ninaloulizwa na wazazi kuliko yote sio ada wala ratiba, ni hili: "Mwalimu, akijifunza kinanda, hesabu zitapanda?" Na jibu wanalolitaka nalijua kabisa, maana ile klipu ya WhatsApp inayosema muziki unaongeza akili inazunguka kila shule zikifunguliwa. Mimi nafundisha watoto muziki hapa Dar, wengi wana miaka minne mpaka kumi na mbili, ndio kazi inayonilisha, kwa hiyo ningekuwa na kila sababu ya kusema ndio zinapanda, leteni ada. Ila siwezi, kwa sababu sivyo ilivyo, na wakati huohuo kuna mambo muziki unayafanya kwa mtoto kwelikweli ambayo hakuna mzazi anayeniuliza.

Tuanze na huyo Mozart, mtunzi wa muziki wa Ulaya wa zamani, maana lazima atatajwa tu. Mwaka 1993 watafiti wa California, Rauscher na wenzake, waliwasikilizisha wanafunzi 36 wa chuo kikuu kipande cha Mozart cha piano mbili kwa dakika kumi, halafu wakawapa majaribio ya kufikiria maumbo, karatasi ikikunjwa na kukatwa itakuwaje na vitu kama hivyo, wakafanya vizuri kidogo kuliko waliokaa kimya, na uzuri wenyewe ukaisha ndani ya dakika kumi na tano hivi. Basi. Hakukuwa na mtoto hata mmoja pale, hakuna aliyejifunza chombo, ni watu wazima wamekaa wanasikiliza. Lakini habari ikikimbia haishikiki, mwaka 1998 gavana wa jimbo la Georgia kule Marekani akaomba hela za serikali ili kila mtoto anayezaliwa apewe kanda au CD ya muziki wa aina hiyo! Na hadi leo kuna mama wajawazito wanaweka hedifoni tumboni. Dada yangu, mwimbie tu, sauti yako anaisikia bila waya.

Sasa kusikiliza ni kitu kimoja na kujifunza ni kingine, hapo ndio mambo yanaanza kunoga. Mwaka 2004 mtafiti Schellenberg wa Toronto, Canada, alichukua watoto 144 wa miaka sita akawagawa: wengine kinanda, wengine kuimba, wengine maigizo, wengine hawakupewa kitu. Baada ya mwaka akawapima akili, wote wamepanda kwa sababu wote walikuwa wameanza shule, ila wa muziki walipanda zaidi, kama pointi mbili na ushee hivi. Ndio hiyo pointi mbili na ushee inayouzwa mitandaoni kama vile mtoto atakuwa injinia. Na kitu ambacho hawakwambii, wale wa maigizo ndio waliobadilika zaidi kitabia, kuelewana na wenzao, na wa muziki hawakufikia pale. Halafu 2020 wakaja watafiti Sala na Gobet, wakakusanya tafiti 54 zenye watoto karibu 7,000, wakaona kitu ambacho sisi walimu wa muziki hatupendi kukisikia: kadiri utafiti ulivyofanywa kwa umakini, yaani watoto wamegawanywa kwa bahati nasibu na wale wasiosoma muziki nao wamepewa shughuli nyingine, ndivyo faida ya hesabu na akili inavyopungua mpaka inakaribia sifuri.

Kwa hiyo kama lengo lako ni hesabu, mpeleke tuisheni ya hesabu, hela yako itafanya kazi zaidi. Na wale watoto wa muziki unaowaona wanaongoza darasani? Mara nyingi ni watoto ambao nyumbani kuna vitabu, kuna mtu wa kuwasimamia na kuna nauli ya kuwaleta kwangu, hao wangeongoza hata wangesoma upishi.

Haya, tuje kwenye anachopata. Cha kwanza ni sikio.

Sikio hapa simaanishi kujua nota. Namaanisha uwezo wa kutenga sauti, kusikia kwamba hii imeanza kabla ya ile, kushika neno la mwalimu wakati darasa zima linapiga kelele. Kule Los Angeles kuna mpango unaofundisha muziki bure watoto wa mitaa yenye maisha magumu na magenge, mtafiti wa ubongo Nina Kraus na timu yake wakawapima hao watoto namna ubongo unavyopokea sauti za maneno, ripoti ikatoka 2014. Baada ya mwaka mmoja hakuna kitu. Baada ya miaka miwili ndio tofauti ikaonekana, ubongo unazitenganisha silabi zinazofanana vizuri zaidi. Hapo kwenye miaka miwili ndipo ninapowashika wazazi wangu, maana wengi wanamleta mtoto likizo ya Juni, wiki tatu, halafu Julai wananiuliza mbona sioni mabadiliko.

Na kusikia silabi ndio mlango wa kusoma. Mi na watoto wangu wadogo tunaanza kila kipindi kwa kupiga makofi ya maneno, kabla hata hatujagusa chombo, tumekaa mkekani duara. Ki-ta-bu, makofi matatu. Mbu-zi, mawili. Halafu nawatega na "mtoto", wengi wanapiga mawili, ile m ya mwanzo wameimeza, na mmoja pembeni atapiga matatu, m-to-to, wenzake watamcheka kwanza kisha wataanza kujaribu kimyakimya kwenye mapaja. Anayeisikia ile m peke yake hapati shida sana mwalimu wa darasa la kwanza akisema andika. Na asiyeisikia, hata kwa makofi, hata baada ya muda mrefu, huyo namwambia mzazi wake mapema akamuone mtaalamu wa masikio au wa kusoma, kwa sababu watafiti kama Usha Goswami wa Cambridge wameonyesha watoto wenye shida ya kusoma mara nyingi mdundo nao unawasumbua. Sisemi kila anayekosea mdundo ana tatizo, wengine ni usingizi tu.

Cha pili ni kujizuia, na hiki ndio napenda kukieleza maana ngoma zetu zinakifundisha kuliko kitabu chochote cha kinanda nilichowahi kufungua. Ukienda kwenye ngoma ya pwani utakuta vumi, ile kubwa, inatembea na hesabu yake, na chapuo, ndogo, inatembea na nyingine, mbili kwa tatu, na zote zinakutana mwanzo wa mzunguko. Jaribu mwenyewe hapo ulipo: hesabu moja mpaka sita bila kusimama, mikono ipige kwenye moja, tatu na tano, miguu ikanyage kwenye moja na nne. Umeona? Mtoto wa miaka saba kwanza anagawana na mwenzake, huyu anashika mbili yule anashika tatu, na kinachotokea ni kwamba ndani ya dakika moja mmoja anavutwa na mdundo wa mwenzake, anauacha wake anaenda kule. Wanacheka, tunaanza upya. Siku atakayoweza kubaki na tatu zake huku anamsikia wa mbili, ujue amejifunza kufanya kitu chake bila kuziba masikio kwa wengine. Unamwona kabisa usoni, anakunja uso, ulimi nje, halafu ghafla anatulia. Kama uwezo huo unahamia kwenye kutulia mezani kufanya homuweki, hapo ushahidi bado haujakaa sawa na mimi sitakuuzia, ila kwenye muziki wenyewe nauona kwa macho yangu kila muhula.

Na tuseme ukweli, mdundo mtoto anakuja nao. Kule Budapest, Hungaria, watafiti waliwapima watoto wachanga wa siku mbili tatu, 2009, wamelala zao, wakawapigia mdundo halafu wakaruka pigo moja zito, na ubongo ukashtuka. Hawajafundishwa na mtu. Kinachobadilika ni kwamba sikio linazoea cha nyumbani: watafiti Hannon na Trehub walionyesha watoto wa Amerika Kaskazini wa miezi sita wanashika midundo migumu ya Balkani, kule kusini-mashariki mwa Ulaya, kama kawaida, wakifika miezi kumi na mbili tayari inawapotea, ila ukiwasikilizisha kidogo inarudi, na watu wazima hata ukiwasikilizisha haiwarudii kirahisi. Ndio maana mtoto aliyekulia kwenye kaswida na dufu akija kwangu zile sauti za katikati, zile ambazo kinanda hakina funguo zake, anaziimba bila shida, na wa kwaya ya kanisani aliyezoea do re mi anashika sauti ya pili huku mwenzake wa kwanza anamwimbia sikioni. Hao nikiwapokea kazi yangu imeshafanywa nusu, na wazazi wao hawakulipa hata shilingi. Kama ada yangu ni kubwa kwako, na najua kwa wengi ni kubwa, mpeleke huko, sio mbadala wa masikini, ni darasa kamili lenye mwalimu, wenzake wa kuimba nao na siku ya kuonyesha kazi.

Maana kuimba na wenzake ndio cha tatu. Leipzig, Ujerumani, mwaka 2010, watafiti Kirschner na Tomasello waliwachukua watoto 96 wa miaka minne wakawaweka wawili wawili, nusu wakacheza mchezo wa vyura kwa kuimba na kupiga vyombo pamoja, nusu wakacheza mchezo uleule bila muziki. Baadaye mmoja akamwagikiwa na gololi zake, makusudi ilipangwa, na waliokuwa wameimba pamoja walikuwa wepesi zaidi kumsaidia mwenzao kuokota. Bibi zetu walilijua hilo bila maabara, ile michezo ya kushikana mikono mkazunguka mnaimba ilikuwa ndio hiyo, na sasa watoto wako ndani na tableti, kila mtu na iafoni zake. Nikipewa uchaguzi kati ya mtoto anayesoma piano peke yake na mwalimu wa nyumbani na mtoto aliye kwenye kikundi cha ngoma cha shule, kwa chini ya miaka nane nachagua kikundi, bila hata kufikiria mara mbili. Tatizo shule zenyewe, mtihani wa darasa la nne ukikaribia kipindi cha muziki ndio cha kwanza kufutwa, nimefundisha shule ambayo ngoma zilifungiwa stoo mwezi Agosti zikatoka Januari zimeliwa na panya. Wenzetu Kenya wana tamasha lao la muziki la mashule tangu 1927, angalau mwalimu mkuu ana sababu ya kutofunga stoo.

Wenye vichanga msinitafute kwanza, chini ya miaka minne hakuna darasa la kulipia linalozidi mzazi anayeimba. Watafiti wa Montreal, Canada, waliwasikilizisha watoto wa miezi sita mpaka tisa nyimbo za Kituruki ambazo hawajawahi kuzisikia, walikaa kama dakika tisa kabla hawajaanza kulia, wakati maneno ya kawaida yaliwashika dakika nne tu. Huna sauti nzuri? Yeye hajui. Na mtoto mwenye kigugumizi mara nyingi akiimba maneno yanatoka bila kukwama, haimponyi, akirudi kuongea kinarudi, lakini kwa mtoto aliyezoea kuchekwa hizo dakika tatu za wimbo mbele ya wenzake sio kitu kidogo.

Miaka mitano mpaka saba: ngoma, kuimba, kucheza, filimbi ya plastiki kama unaivumilia. Fidla kuanzia hapo inawezekana ila sio saizi yako, kuna robo, kuna nusu, kuna robo tatu, inapimwa kwa urefu wa mkono, mtoto akipewa kubwa bega litaumia na ataichukia. Tarumbeta na klarineti subiri meno ya mbele ya utu uzima yaote na yakae. Kinanda usinunue kile cha kuchezea chenye funguo nyembamba, tafuta cha funguo 61 za saizi ya kawaida, hata yuzdi, ila kabla hujalipa hakikisha ukibonyeza taratibu kinatoa sauti ndogo na ukibonyeza kwa nguvu kinatoa kubwa, na jaribu kila funguo hapohapo dukani, yote 61, muuzaji akikunja uso mwache akunje.

Mazoezi dakika kumi au kumi na tano kila siku, sio saa mbili Jumamosi. Na masikio yenyewe yalindwe: WHO, shirika la afya duniani, wanasema kwa watoto sauti isizidi desibeli 75 kwa saa 40 za wiki, na ile sabufa ya jirani siku ya kigodoro, singeli imepita midundo 200 kwa dakika na spika zinatikisa bati, ukisimama nayo karibu imeshavuka hapo mbali sana. Singeli yenyewe sina ugomvi nayo, watoto wangu wakubwa wanaijifunzia kasi. Wakiwa mbali na spika.