Elfu ishirini mara mia na ishirini si thamani ya kodi

Hesabu hii ya kuthaminisha nyumba inayouzwa kwa kodi ya mpangaji wake imeenea Amu (Lamu) nzima na sasa imenichosha. Nyumba ya Langoni, mpangaji analipa 20,000 kwa mwezi, mkataba wa miaka 10, kodi haipandi. Mtu anazidisha mara 120, anapata milioni 2.4, kisha anadai hiyo ndiyo thamani ya kodi hiyo leo. Jamani, hapana. Shilingi ya mwaka wa kumi bado hujaishika.

Chukua kiwango cha punguzo cha asilimia 12 kwa mwaka, yaani shilingi 1.12 ya mwakani ni sawa na shilingi 1 ya leo. Kodi ya mwaka ni 240,000. Kwa miaka 10 unazidisha kwa 5.65, ambayo ni jumla ya thamani ya leo ya shilingi moja ya kila mwaka, si kwa 10. Inatoka milioni 1.356. Hapo nimehesabu kana kwamba kodi inalipwa mwisho wa mwaka. Ikilipwa kila mwisho wa mwezi, inafika kama milioni 1.43. Haya, hilo limekwisha.

Linaloniudhi ni la wale waliokwisha kusikia habari za mfumuko wa bei. Tuseme bei zinapanda asilimia 5. Wanatoa 5 kwenye 12, wanabaki na 7. Kwanza, hapa hatutoi, tunagawanya: 1.12 kwa 1.05, unapata asilimia 6.67. Pili, na hapa ndipo jahazi linapozama, kiwango hicho ni cha kodi inayopanda pamoja na bei. Ukikitumia kwa kodi iliyogandishwa unapata milioni 1.71, yaani umemwongezea muuzaji zaidi ya 350,000 za bure. Mwingine naye hupunguza kodi ya kila mwaka kwa mfumuko wa asilimia 5, kisha juu yake 12. Huyo ameutoza mfumuko mara mbili, maana ndani ya ile 12 tayari umo. Anaishia milioni 1.09. Soma mkataba kwanza: kama hauna kifungu cha kupandisha kodi, tumia 12 na uiache kodi kama ilivyoandikwa.

Kuleta bei ya zamani kwenye pesa za leo ni rahisi zaidi: zidisha kwa fahirisi ya bei ya leo (namba inayoonyesha bei kwa jumla zimefika wapi), gawanya kwa fahirisi ya wakati ule. Angalia tu msingi, yaani mwezi unaohesabiwa kuwa 100. Fahirisi ya Kenya ya sasa inahesabu Februari 2019 kuwa 100, iliyotangulia ilikuwa Februari 2009. Ukigawanya ya mfululizo mmoja kwa ya mwingine bila kuziunganisha, utadhani bei zimeshuka.

Hiyo 12 yenyewe? Ni makisio. Ukiniambia 14, sitagombana nawe sana, milioni 1.356 itashuka hadi 1.25. Na fahirisi ni ya nchi nzima, ilhali saruji ya ukarabati huvushwa kwa chombo kutoka Mokowe, kisha inapanda punda. Gharama hiyo naiweka kando, kwa bei ya gatini, wala siipandishi kwa fahirisi.