Obama kabla ya Washington: yasemwayo na yaliyokuwa katika miaka yake ya bunge la Illinois

Novemba 2008, siku mbili baada ya Barack Obama kuchaguliwa rais wa Marekani, Kenya nzima ilipumzika kwa agizo la Rais Mwai Kibaki. Tulimshangilia mtu ambaye safari yake tuliijua kwa vipande viwili tu: kwamba babake alitoka Kogelo, kule Siaya, na kwamba yeye mwenyewe aliutikisa ukumbi kwa hotuba katika mkutano mkuu wa chama chake cha Democratic mjini Boston mwaka 2004. Kati ya vipande hivyo kuna miaka karibu minane, kuanzia Januari 1997 hadi Novemba 2004, ambayo Obama aliitumia katika bunge la jimbo la Illinois. Wengi wetu huiruka. Na kwa kuwa huiruka, imejaa uvumi, mwingine wa kumtukuza na mwingine wa kumdhalilisha. Mimi naiona kuwa miaka muhimu kuliko yote, maana ndiyo inayoonyesha jinsi mwanasiasa anavyopikwa.

“Seneta ni seneta”

Hapa ndipo mkanganyiko unapoanzia. Obama alikuwa seneta mara mbili, katika mabaraza mawili tofauti kabisa. Kuanzia 1997 alikuwa seneta wa jimbo, mmoja kati ya 59 wanaokutana Springfield, mji mkuu wa Illinois. Kuanzia Januari 2005 akawa seneta wa taifa, mmoja kati ya 100 wanaokaa Washington. Kazi ya kwanza aliipata kwa kura za wilaya moja ya uchaguzi, ya 13, upande wa kusini wa Chicago: Hyde Park penye chuo kikuu, pamoja na mitaa ya watu weusi maskini kama Englewood. Kazi ya pili iliamuliwa na jimbo zima.

Wapo wanaofananisha seneta wa jimbo na mwakilishi wa wodi katika kaunti zetu. Ulinganisho huo unapunguza mambo mno. Bunge la jimbo la Marekani hutunga sheria za jinai, huamua kama jimbo litakuwa na adhabu ya kifo, hupanga kodi yake ya mapato. Bunge la kaunti halina mamlaka hayo. Lakini pia kazi ile haikumshika mtu mwaka mzima. Obama aliendelea kufundisha sheria ya katiba katika Chuo Kikuu cha Chicago miaka yote hiyo.

“Alimbwaga mama aliyekuwa na kiti kwenye sanduku la kura”

Hapana. Na pia si kweli kwamba alimwibia. Kilichotokea ni cha kusisimua kuliko simulizi zote mbili, kwa hiyo nitakisimulia taratibu.

Kiti cha wilaya ya 13 kilikuwa cha Alice Palmer, mwanamke aliyeheshimika sana Chicago. Mwaka 1995 mbunge wa Washington wa eneo jirani, Mel Reynolds, alijiuzulu baada ya kupatikana na hatia mahakamani. Palmer akaamua kukitafuta kiti hicho, akamtambulisha kijana Obama kuwa mrithi wake Springfield. Novemba 28, 1995, Palmer akashindwa katika mchujo: Jesse Jackson Mdogo alishinda, Emil Jones akawa wa pili, yeye wa tatu. Hapo wafuasi wake wakamwendea Obama wamwombe ampishe mama arudi kwenye kiti chake. Obama akakataa.

Palmer akaingia kinyang'anyiro dakika za mwisho. Sheria ilimtaka kila mgombea wa mchujo awasilishe sahihi 757 za wapiga kura wa wilaya hiyo, na yeye alipeleka 1,580 zilizokusanywa kwa haraka. Ukiangalia juu juu, alizidisha mara mbili. Wasaidizi wa Obama wakakaa na orodha ya wapiga kura wakazipitia sahihi moja baada ya nyingine. Mwingine hakusajiliwa. Mwingine anaishi nje ya wilaya. Mwingine ameandika jina lake kwa herufi za chapa badala ya kutia sahihi kama alivyofanya alipojisajili. Sahihi halali zilipohesabiwa, Palmer alipungukiwa, akajiondoa. Wagombea wengine watatu walikatwa kwa njia hiyohiyo. Machi 1996 Obama akabaki peke yake kwenye karatasi ya mchujo, na katika wilaya ile mshindi wa mchujo wa Democratic alikuwa kama ameshaapishwa. Novemba alipata asilimia 82 hivi.

Je, ni haki? Kisheria ndiyo, na Chicago ilikuwa na desturi ndefu ya kupigania sahihi. Kwetu pia mgombea huru lazima apeleke sahihi za wanaomuunga mkono, na tunajua jinsi karatasi hizo zinavyookotwa mwishoni mwishoni. Lakini mimi siwezi kulipita jambo hili bila kusema: mtu aliyepata umaarufu kwa kuwasajili wapiga kura Chicago mwaka 1992 aliingia siasa kwa uchaguzi ambao wapiga kura wa chama chake walikuta jina moja tu. Anayempenda Obama anapaswa kulijua hilo, na anayemchukia anapaswa kujua kwamba sahihi zile kweli hazikutosha.

“Alikuwa mwoga, kila mara akipiga kura ya ‘nipo’”

Hii ilivuma sana katika kampeni za 2008, mpinzani wake wa chama, Hillary Clinton, alipomrushia. Katika bunge la Illinois mbunge ana vitufe vitatu: ndiyo, la, na “nipo”. Obama alibonyeza cha tatu mara 129 hivi, kati ya kura zake zipatazo 4,000. Kwa hesabu hiyo, “kila mara” inaporomoka yenyewe.

La muhimu zaidi ni maana ya kitufe chenyewe. Ili mswada upite katika Seneti ya Illinois unahitaji kura 30 za ndiyo, yaani zaidi ya nusu ya wanachama wote 59, si nusu ya waliopiga kura. Kwa hiyo “nipo” humnyima mwenye mswada kura sawasawa na “la”. Vyama huitumia kama mbinu. Katika miswada ya utoaji mimba, shirika la kutetea haki hiyo jimboni liliwaomba wabunge wa upande wake wapige “nipo” kwa pamoja, ili wale wenye wilaya ngumu wasibaki uchi mbele ya matangazo ya wapinzani.

Hata hivyo utetezi huo haufuniki kila kitu. Kuna mara alizopiga “nipo” akiwa karibu peke yake. Mwaka 1999, kwa mfano, kulikuwa na mswada wa kuwashtaki vijana kama watu wazima wakifyatua bunduki karibu na shule. Hapo hapakuwa na mbinu ya kundi. Palikuwa na mwanasiasa mwenye wasiwasi na sheria yenyewe, akiwakilisha mitaa iliyochoshwa na risasi, ambaye hakutaka “la” yake ije isomwe vibaya. Mwenye kumlaumu kwa kura ya namna hiyo ana hoja. Mwenye kumlaumu kwa zote 129 hajui kitufe kinafanya nini.

“Hajawahi kushindwa”

Alishindwa, na kwa kishindo. Machi 21, 2000, katika mchujo wa kiti cha Bunge la Marekani cha wilaya ya 1 ya Illinois, Bobby Rush alipata asilimia 61, Obama 30. Seneta mwenzake wa jimbo, Donne Trotter, aliambulia kama 7.

Obama alisoma dalili vibaya. Mwaka 1999 Rush alikuwa amegombea umeya wa Chicago akalambishwa sakafu na Richard M. Daley, na Obama akadhani jogoo amenyonyoka manyoya. Hakukumbuka kwamba wapiga kura wanaweza kukukatalia umeya na bado wakakupenda kama mbunge wao. Rush alikuwa mmoja wa waanzilishi wa tawi la Illinois la Black Panther, kundi lililopigania haki za watu weusi. Mitaa ile ilimjua tangu ujana wake. Obama kwao alikuwa mwalimu wa chuo kikuu mwenye shahada ya Harvard, aliyekulia Hawaii. Kisha Oktoba 1999 mwana wa Rush akauawa kwa risasi, na jamii nzima ikaomboleza na baba. Mwishoni mwa mwaka Seneti ya jimbo ikaitwa kupigia kura mswada wa kudhibiti bunduki. Obama alikuwa Hawaii na familia yake, mtoto wake akiugua, hakurudi. Mswada ukakwama, magazeti yakamchachafya. Mwishowe Rais Bill Clinton akamuunga mkono Rush.

Wakenya huniuliza: alipataje kurudi bungeni baada ya kushindwa? Kwa sababu hakuondoka. Muhula wake wa kwanza Springfield ulikuwa wa miaka miwili. 1998 alichaguliwa tena, kwa asilimia 89, safari hiyo kwa miaka minne. Kwa hiyo mwaka 2000 kiti chake hakikuwa kinagombewa. Alijaribu kikubwa huku kidogo kikiwa bado mfukoni. Palmer, miaka mitano nyuma, hakuwa na kinga hiyo, kwa kuwa chake kilikuwa kinagombewa mwaka uliofuata.

“Hakufanya lolote Springfield” na ndugu yake, “alipitisha sheria lukuki peke yake”

Nazijibu kwa pamoja kwa sababu zote mbili zinasahau idadi ya viti. Kwa miaka sita ya kwanza Seneti ya Illinois ilikuwa mikononi mwa Republican. Mbunge wa upande wa wachache huko mara nyingi huona miswada yake ikizikwa kwenye kamati. Bado mwaka 1998 Obama alishirikiana na Kirk Dillard, Republican, kupitisha sheria ya kubana zawadi ambazo wanasiasa hupokea. Si kitu kidogo katika jimbo lenye sifa ya ufisadi.

Kilichofungua mlango ni ramani. Baada ya sensa ya 2000 vyama vilishindwa kukubaliana mipaka ya wilaya. Katiba ya Illinois ya 1970 inasema tume ya mipaka ikigawanyika sawa, mjumbe wa kuvunja sare apatikane kwa kura ya bahati. Democratic walibahatika. Wakachora mipaka, na Obama mwenyewe aliketi na mtaalamu wa chama kuichora upya wilaya yake, ikapanda kaskazini kando ya Ziwa Michigan hadi kwenye mitaa ya matajiri katikati ya jiji. Mwaka 2002 alipita bila kupingwa, na chama chake kikachukua Seneti.

Januari 2003 Emil Jones, yuleyule aliyekuwa wa pili mbele ya Palmer mwaka 1995, akawa rais wa Seneti. Obama akapewa uenyekiti wa kamati ya afya na huduma za jamii, na Jones akamkabidhi miswada mizito aibebe, mingine ikiwa imehangaikiwa na wenzake kwa miaka. Baadhi yao walinung'unika, na walikuwa na sababu.

Lakini mswada mmoja unastahili kutazamwa kwa makini: ule wa kuwalazimisha polisi kurekodi mahojiano ya washukiwa wa mauaji. Tangu 1977 Illinois ilikuwa imewadunga sindano ya kifo watu 12, na ikawaachilia 13 waliohukumiwa kufa kimakosa. Gavana George Ryan alisimamisha adhabu hiyo mwaka 2000. Polisi na waendesha mashtaka waliupinga mswada wa kurekodi, na gavana mpya, Rod Blagojevich, hakuutaka mwanzoni. Obama aliketi nao wote, kikao baada ya kikao, akibadilisha kifungu hiki ili kunusuru kile. Ulipita bila upinzani, ukatiwa sahihi Julai 2003, na Illinois ikawa jimbo la kwanza kuweka sharti hilo kwa sheria ya bunge. Hiyo ni kazi ya mtu aliyejua bunge linavyokwenda, na hakuna ngekewa ya ramani inayoweza kuifanya kwa niaba yako.

“Hotuba ya Boston ndiyo iliyompa useneta”

Tazama tarehe. Mchujo wa useneta wa taifa ulikuwa Machi 16, 2004. Obama alipata asilimia 53 kati ya wagombea saba, miezi minne kabla ya hotuba ya Julai 27. Tajiri Blair Hull alikuwa amemwaga mamilioni ya dola zake, habari za talaka yake zikamwangusha. Mpinzani wa Republican, Jack Ryan, naye alijiondoa Juni baada ya faili za talaka yake kufunguliwa. Agosti chama hicho kikamleta Alan Keyes kutoka Maryland, jimbo jingine kabisa, akapata asilimia 27 dhidi ya 70.

Na hakuwa mweusi wa kwanza katika Seneti ya Marekani. Alikuwa wa tano. Illinois hiyohiyo ilishamchagua Carol Moseley Braun mwaka 1992, naye pia alipitia bunge la jimbo.

“Kiti alichoacha kilipigwa mnada”

Aliacha viti viwili. Kile cha Springfield alikiachia Novemba 2004, na hakukuwa na uchaguzi mdogo kama wetu. Viongozi wa chama wa wilaya walimteua wakili Kwame Raoul, mzaliwa wa Chicago ambaye wazazi wake walitoka Haiti. Baadaye Raoul alichaguliwa mwanasheria mkuu wa Illinois, mwaka 2018. Kilichozua kashfa ni kiti cha Washington, miaka minne baadaye. Desemba 2008 Gavana Blagojevich, aliyetia sahihi ile sheria ya kurekodi mahojiano, alikamatwa akituhumiwa kutaka kujinufaisha kwa uteuzi wa mrithi wa Obama. Januari 2009 Seneti ya Illinois, baraza lilelile alimokaa Obama, ilimwondoa madarakani.