Pambo la kadi ni nini hasa?

Pambo la kadi ni kipande kinachotengenezwa peke yake, kisha kubandikwa au kushonewa juu ya kadi ya pongezi, ya harusi au ya sikukuu. Ua ulilolichora moja kwa moja kwenye kadi ni mchoro tu. Ua la karatasi iliyosokotwa, moyo wa kitenge, ndege wa magome ya mgomba: hayo ndiyo mapambo. Faida yake ni kwamba likiharibika unatupa pambo, kadi inabaki safi. Hasara ni unene na uzito, na huko ndiko kadi nyingi za mkono zinakoharibikia.

Ua la kusokota ndilo zuri la kujifunzia. Kata karatasi ya rangi ya A4, ile ya kawaida ya gramu 80 kwa mita ya mraba, iwe vipande virefu vyenye upana wa milimita 3 hadi 5. Pasua ncha ya kijiti cha kuchokolea meno kwa wembe, kama nusu sentimita, chomeka ncha ya kipande humo na uzungushe, kidole cha shahada kikilinda kingo zisipishane. Ukibana hadi mwisho na kutia gundi mkiani, unapata gurudumu gumu la milimita 6 hivi, yaani kitovu cha ua. Kwa petali, usibane: chomoa kijiti, acha gurudumu lijifungue, tia gundi mkiani, kisha finya upande mmoja liwe tone. Petali tano zinatosha. Kila gurudumu lisipofunguka sawa na mwenzake ua litakwenda upande, kwa hiyo toboa tundu la milimita 15 kwenye kipande cha boksi na uliachie gurudumu humo ndani kabla ya kutia gundi.

Gundi nyeupe ya maji ndiyo inayofaa, na iwe tone dogo kwenye ncha ya kijiti kingine. Ikizidi, nyuzi za karatasi hunywa maji na kuvimba upande mmoja, kadi ikajikunja. Pia huacha doa linalong'aa. Gundi ya fimbo hushika vitu bapa tu. Kingo nyembamba za ua haziwezi. Supagluu iache kabisa: haikupi nafasi ya kusogeza petali, na huacha ukungu mweupe pembeni.

Magome ya mgomba, yanayoonekana sana kwenye kadi za maduka ya watalii Afrika Mashariki, yana tabia zake. Chagua yaliyokaukia kwenye shina, yafute kwa kitambaa chenye unyevu, yanyooshe kwa pasi ya vuguvugu juu ya kitambaa, kisha yakandamize kati ya vitabu hadi yakauke kabisa. Yakibandikwa na unyevu huota kuvu ndani ya bahasha. Na kwa kuwa hupasuka kufuata nyuzi, bandika kwanza gome lote juu ya karatasi nyembamba, likauke, ndipo ukate umbo. Kitenge nacho kifanyie hivyohivyo, la sivyo kitafumuka nyuzi kila ukingo.

Watu hupenda pambo liinuke kidogo. Vipande viwili vya manila vilivyobandikwa pamoja chini yake vinatosha. Boksi lenye mawimbi ni nene mno, na likikandamizwa hubonyea na kuacha pambo limeinama.

Kadi yenyewe iwe manila ya gramu 220 hadi 300. Hata hivyo, vifungo au shanga nyingi zikiwa juu kabisa ya ukurasa wa mbele, kadi itaanguka kifudifudi ikisimamishwa mezani. Vitu vizito viweke nusu ya chini, na kifungo ni bora kukishona: toboa kadi kwa sindano kwanza, pitisha uzi, kisha funika fundo kwa karatasi kwa ndani.

Ikiwa kadi itasafiri kwa posta, pima unene wake ikiwa ndani ya bahasha. Katika utaratibu wa posta wa kimataifa, barua ndogo haipaswi kuzidi milimita 5. Ua la vipande vya milimita 5 peke yake limekwisha kula nafasi yote. Kwa kadi za kutuma, kata vipande vya milimita 3 na usiliinue. Kata pia manila laini kwa kipimo cha kadi na uilaze juu ya ua ndani ya bahasha, petali zisichapwe na mihuri.