Kupaa kwa gari la mbio: maana yake na chanzo chake

Anayepakia mabati kwenye kirikuu (gari dogo la mizigo) pale Mwanjelwa, Mbeya, kuyapeleka Uyole hufunga kwanza kamba ya mbele. Ncha ya nyuma ikichezacheza haina neno. Ya mbele ikiacha upenyo wa vidole viwili, upepo unaingia chini, bati linainuka, na kabla dereva hajagusa breki limeshalala barabarani. Kupaa kwa gari la mbio ni jambo hilohilo, ila bati lenyewe lina kama kilo 900 na mtu ndani.

Kupaa maana yake ni hewa kulinyanyua gari kwa kani inayozidi uzito wake, pua ikatangulia juu na gari likapinduka kinyumenyume. Mara nyingi halijagonga kitu chochote.

Magari yanayosifika kwa balaa hili ni prototaipu, yaani yanayoundwa kwa ajili ya mashindano kama Saa 24 za Le Mans, Ufaransa. Mwaka 2012, kwa mfano, yalikuwa na upana wa mita 2, urefu wa mita 4 na nusu na ushee, na sakafu iliyo karibu bapa, sentimita chache tu kutoka kwenye lami. Hewa inayopita kwenye upenyo huo huenda kasi, presha yake hushuka, gari likanyonywa chini. Bawa la nyuma nalo hukandamiza. Mambo yakienda sawa, hewa ndiyo inayoligandisha gari barabarani.

Sasa hesabu. Kwa mwendo wa kilomita 300 kwa saa kwenye usawa wa bahari, hewa inayozuiwa na kitu bapa hukisukuma kwa kilo 425 hivi kwa kila mita ya mraba. Sakafu ya gari ina karibu mita 9 za mraba, kwa hiyo kilo 100 kwa kila mita zinatosha kubeba gari zima. Hiyo haifiki hata robo ya zile 425. Ukishusha mwendo hadi 150, zile 425 hazibaki nusu, zinabaki 106, kwa sababu kani huenda kwa mraba wa mwendo. (Mbeya mjini, mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15, kwa hiyo 425 ingekuwa kama 360. Bado ni nyingi.)

Kinachotisha ni kwamba kosa hujilisha lenyewe. Gari likivuka mgongo wa barabara, magurudumu ya mbele huwa mepesi na pua hupanda kidogo. Mnyonyo wa chini ya pua unapungua, basi pua inapanda tena. Bawa la nyuma, ambalo mara nyingi limekaa nyuma ya ekseli, linaendelea kukandamiza, na hapo linageuka kuwa wenzo: mkia chini, pua juu. Ikipita pembe fulani, sakafu nzima inaukabili upepo. Dereva hana la kufanya, kwa kuwa usukani na breki havina kazi tairi zikiwa hewani.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Mercedes-Benz CLR, Le Mans 1999. Pua na mkia wake vilichomoza mbali kupita magurudumu, na hilo likaipa hewa mkono mrefu wa kunyanyulia. Dereva Mark Webber alipaa nayo mara mbili, kwenye mazoezi ya kufuzu na ya kupasha moto. Timu ikaongeza vibawa vidogo mbele, ikawaonya madereva wasifuate gari jingine kwa karibu, kwani hewa iliyovurugwa na gari la mbele haikandamizi pua ipasavyo. Kwenye mbio zenyewe dereva mwingine wa timu hiyo, Peter Dumbreck, akiwa nyuma ya Toyota, alipaa na kutua nje ya njia upande wa miti. Alipona. Kwa maoni yetu vibawa vile vilikuwa kiraka: kasoro ilikuwa kwenye umbo la gari. Mwaka uliotangulia, Porsche 911 GT1 ya Yannick Dalmas ilipaa vilevile kwenye kilima cha Road Atlanta, Marekani.

Njia ya pili ya kupaa ni kwenda ubavu. Gari likizunguka kwa kasi, bawa halipati tena hewa ya mbele, na hewa inaingia chini kupitia ukingo wa pembeni. Ndiyo maana mwaka 2011 prototaipu mpya zilianza kulazimishwa kuwa na pezi refu mgongoni, linalozuia hewa kukatiza juu na kuusukuma mkia urudi mahali pake. Mwaka 2012 yakaongezwa matundu juu ya magurudumu ili presha iliyojaa humo itoke.

Mwaka huohuo wa 2012, Toyota ya Anthony Davidson, yenye pezi na matundu, iligusana na Ferrari mwishoni mwa mnyoofu wa Mulsanne, kipande kirefu kilichonyooka cha njia ya Le Mans, ikageuka ubavu, ikapaa. Davidson alivunjika pingili mbili za uti wa mgongo.