Je, Wajua Kwa Nini Wachoraji wa Katuni Waliikausha Niagara?

Mwaka 1906 jarida la Puck la New York lilichapisha katuni ya J. S. Pughe ambayo kichwa chake kilisema, kwa maana yake, "Iokoeni Niagara isiwe hivi". Hiyo "hivi" ndiyo picha yenyewe: Niagara, maporomoko makubwa ya maji mpakani mwa Marekani na Kanada, iliyomezwa na viwanda. Kwa nini mchoraji achore jambo ambalo halijatokea?

Kwa sababu maji yaliyokuwa yakipotea hayakuonekana yakipotea. Mtambo wa umeme wa Adams, hapo hapo Niagara, ulianza kazi mwaka 1895, na mwaka uliofuata umeme wake ukafika mji wa Buffalo. Maji yalichotwa mtoni juu ya maporomoko, yakashushwa shimoni kuzungusha mitambo, kisha yakarudishwa mtoni kwa handaki, chini ya maporomoko. Kampuni hii ilichota, ile ikaomba kibali, na mtalii aliyesimama ukingoni hakuona tofauti kati ya jana na leo. Picha ya kamera ingeonyesha maji tele. Katuni iliweza kuivuka miaka na kumwonyesha msomaji mwisho wake.

Ufundi wake ni kubadili kitu kimoja tu. Ukingo wa maporomoko uachwe na umbo lake linalojulikana na kila mtu, ndipo maji yaondolewe na bomba na dohani ziwekwe. Ukiharibu na ukingo, msomaji ataona kiwanda chochote kile. Ukijaza mabango ya matangazo kila pembe, jicho litasoma maandishi na kuusahau mwamba.

Puck ilichapwa kwa rangi kwa kutumia mawe ya chokaa. Mchoraji huchora juu ya jiwe kwa chaki ya mafuta, kila kitu kinyume, herufi pia. Jiwe hupakwa gundi ya mgunga iliyotiwa tindikali kidogo, kisha hulowanishwa. Wino wa mafuta hushika palipochorwa na kukataa palipo na maji. Kila rangi huwa na jiwe lake. Tindikali ikizidi, mistari myembamba huliwa, na mkono wenye jasho ukigusa jiwe, alama yake hutokea kwenye karatasi. Karatasi ikivuta unyevu hutanuka, basi rangi ya pili haikai juu ya ya kwanza. Na kwa kuwa weupe ni karatasi isiyoguswa na wino, povu la maji huchorwa kwa kuachwa wazi. Kuikausha Niagara, basi, ni kuujaza weupe huo kwa mwamba, mstari kwa mstari.

Wasomaji walikuwa na kidonda cha zamani. Kabla ya 1885, upande wa Marekani, ardhi iliyotazama maporomoko ilikuwa mikononi mwa watu binafsi, na kuyaona tu kulilipiwa. Tarehe 15 Julai 1885 jimbo la New York lilifungua hifadhi isiyo na kiingilio. Miaka 20 baadaye walichokuwa wakinyang'anywa ni maji yenyewe.

Juni 1906 Bunge la Marekani lilipitisha Sheria ya Burton kuuwekea mipaka uchotaji wa maji ya Niagara. Leo mkataba wa 1950 kati ya Marekani na Kanada unataka futi za ujazo 100,000, yaani kama mita za ujazo 2,830, zianguke kila sekunde saa za mchana msimu wa watalii. Usiku, na majira ya baridi, inaruhusiwa kubakiza nusu yake.